Kwa unayeanza kutetea bajeti ya huduma za manusura

Sheria ikishapita bungeni, wengi hupongezana na kurudi nyumbani. Kwako wewe unayeingia kwenye kazi hii, hapo ndipo pa kuanzia. Chukua sheria yoyote ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na aghalabu utakuta kifungu kinachosema mwathiriwa atapatiwa makazi, matibabu, ushauri nasaha, mkalimani na msaada wa kisheria. Kisha fungua kitabu cha bajeti cha mwaka huohuo, utafute fedha za kutekeleza kifungu hicho. Mara nyingi hazimo. Na pasipo kasma, yaani fungu lililotengwa kwenye bajeti kwa kazi hiyo, hakuna huduma: polisi aliyemwokoa mtu usiku hana pa kumlaza ila benchi la kituo.

Pengo hili lina asili yake. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ambao sheria nyingi za nchi zimejengwa juu yake, inazilazimisha nchi wanachama kuufanya usafirishaji wa binadamu kuwa kosa la jinai. Ikifika kwenye makazi, matibabu na ajira za waathiriwa, Ibara ya 6 inazitaka nchi zifikirie kuchukua hatua, basi. Ndiyo maana nchi inaweza kuwa na wapelelezi na waendesha mashtaka waliofunzwa vizuri huku haina kitanda hata kimoja cha manusura. Usiende kwa wabunge kuwaomba sheria nyingine kama iliyopo inatosha. Nenda na kifungu kilichopo, na pembeni yake weka sifuri iliyomo kwenye bajeti.

Jifunze mapema fedha hizi hutoka wapi, maana kila chanzo kina tabia yake. Marekani ilianzisha mfuko wake wa waathiriwa wa uhalifu mwaka 1984, na mfuko huo haujazwi na kodi ya wananchi. Unajazwa hasa na faini wanazotozwa wahalifu katika mahakama za shirikisho. Wazo lenyewe lina haki ndani yake: aliyeumiza ndiye alipe. Lakini kesi nyingi za makampuni makubwa zilipoanza kumalizwa kwa makubaliano badala ya hukumu, malipo yake yakawa yanaingia hazina kuu. Mfuko ukapungua na ruzuku za vituo vinavyowahudumia waathiriwa zikakatwa, hadi sheria ikarekebishwa mwaka 2021 ili fedha za makubaliano hayo nazo ziingie mfukoni. Wanaobakwa na kuporwa hawapungui kwa sababu faini zimepungua. Kwa hiyo ukisikia mtu anapendekeza mfuko wa faini na mali zilizotaifishwa, uunge mkono, lakini sisitiza kwamba mishahara ya wahudumu na pango la nyumba salama vitoke kwenye bajeti ya kawaida ya serikali, na faini ziwe nyongeza.

Baadhi ya nchi tayari zina mfuko ulioundwa na sheria yenyewe. Tanzania iliuweka kwenye sheria yake ya mwaka 2008 na Kenya kwenye ya mwaka 2010. Kama nchi unayofanyia kazi ni mojawapo ya hizo, swali lako la kwanza liwe: mwaka jana mfuko uliingiza kiasi gani, ukatoa kiasi gani, na ulimpa nani? Uliza kwa maandishi. Upo pia mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 2010 na kusimamiwa na UNODC, ofisi ya umoja huo inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, unaotoa ruzuku kwa asasi zinazowahudumia waathiriwa wa usafirishaji. Ni msaada mzuri, ila ruzuku ina tarehe ya mwisho, na anayehudumiwa hajui tarehe hiyo.

Suala la kalenda nitalisema kwa kifupi kwa sababu halina mjadala. Siku bajeti inasomwa bungeni umeshachelewa. Fedha hugawanywa miezi kadhaa kabla, hazina inapotoa ukomo wa bajeti kwa kila wizara na maofisa mipango wanapojaza makadirio. Kenya, Uganda na Tanzania huanza mwaka wa fedha 1 Julai, Marekani 1 Oktoba. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo, na umfahamu kwa jina ofisa anayejaza makadirio. Waziri atasaini kile ambacho ofisa huyo amekiandika.

Sasa tuje kwenye gharama, na hapa naomba utulie. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu yanaomba fedha za kuwasaidia waathiriwa, maneno ambayo hayana bei. Andika usiku mmoja. Binti ameshushwa na gari la polisi saa nane usiku, hajui lugha ya hapo, hana simu wala kitambulisho. Nguo alizokuja nazo zimewekwa kwenye mfuko wa karatasi kama ushahidi, kwa hiyo anahitaji nguo nyingine, hadi za ndani, na viatu. Kama alibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Anahitaji mkalimani ambaye hakuletwa na mtu aliyekuwa akimtumikisha, maana mara nyingine anayejitolea kutafsiri ndiye mlinzi wake. Anahitaji kumpigia mama yake simu. Anahitaji mlango unaofungwa kwa ndani.

Kila kimoja kati ya hivyo kina bei, na kila kimoja kwa sasa kinalipwa na mtu fulani: muuguzi kwa fedha zake, askari kwa fedha zake, au hakuna anayelipa na saa 72 zinapita. Ziorodheshe gharama hizo kwenye ukurasa mmoja, uweke anayelipa leo na anayepaswa kulipa kisheria. Zidisha kwa idadi ya watu waliofika mwaka uliopita. Mjumbe wa kamati anaweza kubishana na takwimu za dunia. Hawezi kubishana na bei ya dawa na usiku mmoja wa kitanda.

Kwa takwimu, kuwa mwangalifu. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na washirika wake yanasema watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa siku yoyote ya mwaka 2021. Namba hiyo inatisha na ni kweli inastahili kujulikana, lakini haimwambii diwani wala mbunge chochote kuhusu eneo lake, na ukiitegemea atakuuliza wa kwake ni wangapi. Kitakachokuokoa ni daftari la waliokosa nafasi. Kila aliyeombewa nafasi kwa simu kituo kikajibu kuwa kimejaa, kila mwanamume aliyerudishwa kwa sababu nyumba salama inapokea wanawake tu, kila mama aliyekataliwa kwa sababu ana mtoto wa kiume wa miaka 14, mwandike: tarehe, kilichohitajika, sababu ya kukosa. Majina usiandike. Wengi huhesabu waliohudumiwa kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye ripoti, na kwa njia hiyo wanauficha uhitaji wenyewe.

Nimewataja wanaume kwa makusudi. Aliyefungiwa kwenye meli ya uvuvi au kwenye eneo la ujenzi akinyang'anywa pasipoti hafanani na picha iliyo vichwani mwa watu, na mara nyingi huandikiwa kosa la uhamiaji kabla mtu hajamuuliza alifikaje pale. Bajeti yako isipomtaja, hatatajwa na mwingine.

Saa 72 za kwanza ndizo rahisi kuombea fedha kwa sababu zinagusa moyo. Mwaka wa pili ndio mgumu. Kesi imeahirishwa tena, mhudumu aliyekuwa akiifuatilia amehama, manusura ameambiwa asiondoke mjini kwa kuwa ni shahidi, naye hana kibali cha kufanya kazi. Wengine hurudi kwa waliowatumikisha katika kipindi hiki, kwa sababu kule angalau palikuwa na chakula. Omba fedha za miezi hiyo kwa sauti ileile unayoombea usiku wa kwanza. Na pigania sana jambo hili: huduma isiwe malipo ya ushahidi. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 unampa anayedhaniwa kuwa mwathiriwa angalau siku 30 za kupumua na kuamua kama atashirikiana na vyombo vya dola, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 linazitaka nchi zisiufanye msaada utegemee utayari wake wa kushirikiana na upelelezi au kesi. Hata kama nchi yako haifungwi na hati hizo, unaweza kuzipeleka mezani kama mfano. Mtu aliyelala na kula vizuri kwa mwezi mmoja ni shahidi bora kuliko aliyetishwa. Waendesha mashtaka wazoefu wanalijua hilo, waombe waje waseme wenyewe.

Kamati itakuomba ulete manusura azungumze. Kabla ya kukubali, kaa naye na wakili. Kama kesi bado iko mahakamani, kila neno atakalosema pale linaweza kurudi kama swali la wakili wa utetezi, tofauti ndogo ya tarehe ikageuzwa kuwa uongo. Akikubali, alipwe muda wake kama anavyolipwa mtaalamu yeyote, na nauli yake. Asome alichokiandika mwenyewe. Apewe ruhusa ya kughairi asubuhi hiyohiyo bila kuulizwa sababu, na wewe uwe na maelezo mbadala mfukoni. Picha zisipigwe. Muhimu kuliko yote, asiulizwe walimfanya nini; aulizwe alikosa nini baada ya kutoka. Ukimuuliza hivyo utasikia majibu ambayo hayamo kwenye maandiko yetu ya miradi: kitambulisho, akaunti ya benki, mtu wa kumshikia mtoto siku ya mahakama, kufutiwa hatia ya makosa aliyolazimishwa kuyatenda. Mwite mapema wakati wa kuandika maombi, maana siku ya kuyasoma ni kuchelewa kumsikiliza.

Usiwaache nyuma waathiriwa wa uhalifu mwingine. Usafirishaji wa binadamu huvuta huruma na kamera, na ni rahisi kupata kipande chako cha fedha huku familia ya aliyeuawa ikichangishana ya mazishi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu haki kwa waathiriwa wa uhalifu liliwataja wote kwa pamoja, likitaka watendewe kwa heshima, walipwe fidia na wapate msaada wa matibabu, wa kisaikolojia na wa kijamii. Nendeni mezani pamoja, na ukurasa mmoja wa maombi, kwa sababu hazina ikiona makundi matatu yanagombania kasma moja, inawapa wote barua ya shukrani.

Fedha zikiidhinishwa, bado hazijafika. Kati ya kuidhinishwa na kutolewa kuna safari ambayo hakuna anayeisimamia kama wewe hukuisimamia. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha ikiisha, andika barua fupi kwa wizara yenye kasma hiyo: zimetolewa kiasi gani, tarehe gani, zimefika kituo kipi. Nakala mpelekee katibu wa kamati. Kama hazijatoka, ambatisha kurasa za daftari la waliokosa nafasi kuanzia siku ya kwanza ya mwaka huo wa fedha, na urudie robo ya pili.