Kutafuta chumba Vellore: kwa anayemsindikiza mgonjwa mara ya kwanza

Barua ya miadi kutoka Christian Medical College, hospitali ya mji wa Vellore kusini mwa India, ikishafika na viza ikatoka, wengi wetu hukimbilia simu, tukatafuta chumba cha bei ya chini kabisa na kukilipia majuma mawili papo hapo. Usifanye hivyo. Lipia usiku mmoja, ikizidi sana miwili. Chumba cha kukaa utakitafuta kwa miguu yako mwenyewe kesho yake asubuhi, mgonjwa akiwa amepumzika.

Sababu kubwa ni Fomu C, ambayo kanuni za 2025 zinaiita Fomu III. Sheria ya India inamtaka mwenye hoteli atoe taarifa ya kila mgeni wa nje kwa uhamiaji, kupitia mtandao, ndani ya saa 24. Katika miji midogo kuna loji ambazo hazijajisajili kwenye mfumo huo, au hazitaki usumbufu wake, ila matangazo yao kwenye programu za kubuku yanapokea jina lolote na kadi yoyote. Unashuka saa nne usiku na mgonjwa amechoka hoi, kijana wa mapokezi anafungua pasi, anaifunga, anakwambia vyumba vimejaa. Na funguo unaziona zimening'inia ukutani nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga simu au tuma ujumbe wa WhatsApp na uulize: mnapokea pasi ya Tanzania, na mnajaza Fomu C? Jibu likianza kuzungukazunguka, hamia kwingine. Wakishaijaza, omba nakala uitunze, maana matibabu yakirefuka ukalazimika kuongeza muda wa viza, utaihitaji.

Isome vizuri barua ya miadi. Hospitali kongwe, ile aliyoianzisha daktari mmisionari Ida Scudder mwaka 1900, iko katikati ya mji, lakini tangu 2022 kuna kampasi kubwa Ranipet, mji wa jirani, na baadhi ya idara ziko huko. Chumba kizuri mkabala na hospitali ya zamani hakikusaidii kitu kama kila asubuhi mtapanda gari kwenda Ranipet.

Kwa wa hospitali ya mjini, loji zimebanana Gandhi Road na vichochoro vyake. Wagonjwa wengi hutoka Bengal Magharibi na Bangladesh, ndiyo maana utaona vibao vya Kibengali na migahawa ya wali na samaki. Kwa mtu wa pwani hiyo ni heri, hasa ukishachoshwa na idli, vitumbua vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, asubuhi na jioni. Zipo pia loji zenye jiko la gesi na sufuria ndani ya chumba. Kama mgonjwa anahitaji uji wake, hizo ndizo za kuulizia kwanza.

Ukionyeshwa chumba usitosheke na kitanda. Ingia bafuni, fungua bomba la maji moto na usubiri hapo hapo. Loji nyingine hutoa maji moto asubuhi tu, kwa saa chache, na kuoga ni kwa ndoo na kopo. Angalia choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti hawezi cha pili. Fungua dirisha: mengine yanatazama korido, hewa haiingii. Uliza lifti, na umeme ukikatika jenereta inawasha nini, taa na feni tu au na hiyo lifti.

Bei nayo ina vichwa viwili. Chumba kile kile hukodishwa chenye kiyoyozi na kisicho na kiyoyozi; tofauti ni rimoti, ambayo mapokezi huitoa kwenye droo ukishalipa nyongeza. Mei joto la Vellore hupita nyuzi 40, lipa bila kubishana. Desemba feni inatosha kabisa. Uliza pia kama bei ina kodi ndani yake. Tangu Septemba 2025 vyumba visivyozidi rupia 7,500 kwa siku hutozwa kodi hiyo, GST, ya 5%, kwa hiyo cha 1,000 kitakuwa 1,050. Akikutajia 12%, hicho ni kiwango cha zamani.

Halafu siku inahesabiwaje? Loji nyingi huhesabu saa 24 tangu ulipoandikwa kitabuni, nyingine zinakutoa saa sita mchana hata kama uliingia saa tatu usiku. Kwa mtindo huo wa pili, usiku wako wa kwanza ni saa 15 kwa bei ya siku nzima. Treni nyingi za kutoka Chennai hushusha stesheni ya Katpadi, si Vellore penyewe, na ukifika usiku tofauti hiyo utaiona kwenye risiti.

Punguzo omba ukisema utakaa muda mrefu, lakini pesa toa kwa siku mbili tatu. Mgonjwa akilazwa ghafla, au miadi ikisogezwa, kurudishiwa fedha ni shughuli. Wenyeji hulipa kwa simu kwa kuskani, wewe usiye na akaunti ya benki ya India tembea na rupia taslimu.

Mume na mke wa kwetu mara nyingi hawana jina la ukoo moja, na mapokezi ya mji mdogo huwa na maswali juu ya hilo. Beba nakala ya cheti cha ndoa. Kama ni kaka na dada, viza ya msindikizaji pamoja na barua ya hospitali kwa kawaida hukata mjadala.

Dereva wa bajaji pale stesheni akikwambia loji yako imefungwa au imehamishwa, mwombe asubiri, upige simu loji mbele yake. Mara nyingi anataka kukupeleka kule anakopewa kamisheni, na kamisheni hiyo itaongezwa kwenye bei ya chumba chako.