Jibu: Wanafunzi 40 Ruvu Chini kwa saa mbili
Habari Mwalimu. Unauliza uwapitishe vipi wanafunzi 40 pale Ruvu Chini, mtambo wa kusafisha maji ya Mto Ruvu, bila ziara kuishia kwenye picha. Kwanza hakikisha barua imeenda makao makuu ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikitaja idadi na umri wao.

Fuateni maji: mtoni, dawa ya kugandisha tope, matangi ya kutuamisha, machujio ya mchanga, klorini. Machujio pitieni haraka. Muda utumieni maabara. Ombeni jaribio la dozi: bika (glasi za maabara) sita za maji yaleyale ya mto, dozi tofauti za dawa ya kugandisha, kukoroga kwa kasi dakika 1, polepole 15 hadi 20, kisha yatuame 30. Wataona dozi ipi inatosha kwa maji ya siku hiyo, na kwa nini ya kiangazi haitoshi masika, mto ukiwa na tope zaidi. Chumba cha klorini wasiingie kabisa. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, hutanda chini.