Re: Mtoto kauliza kama sisi weusi tulizaliwa watumwa

Dada, umesema mwanao wa miaka 8 katoka shule na hilo swali na wewe hujui umjibu nini. Usimwambie utajua ukikua, maana ukimnyamazisha atajijazia mwenyewe. Mara nyingi shida sio somo la utumwa, ni pale linapoanzia, kitabu kinafunguliwa tu unakuta picha ya watu wana minyororo shingoni, basi, hawakuwa na maisha kabla ya hapo! Mwanzie nyuma zaidi, walikuwa wakulima, wahunzi, wafanyabiashara, wana wa watu. Halafu mwambie wazi kwamba walifanywa watumwa kwa nguvu na sheria zikatungwa kuhalalisha huo uovu, mfano Virginia, koloni la Waingereza kule Amerika, mwaka 1662 waliandika kabisa kwamba mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni mzungu huru. Hapo mtoto anaona mwenyewe hii kitu ilipangwa na watu, haiko kwenye damu ya mtu. Na Haiti, iliyokuwa koloni la Wafaransa kule Karibiani, usiiruke jamani, watumwa waliinuka 1791 wakapigana mpaka 1804 wakawa nchi huru. Wenzake wazungu darasani, mwambie hawakufanya wao. Ila kwanza muulize ile picha ilimfanya ajisikieje, na umsikilize mpaka amalize.