Mfungo Sita si Juni: kwa mnaoanza kusoma barua za zamani za vyama vya siasa hapa Lamu

Wanangu, karibuni. Kabla hamjafungua bahasha ya kwanza, nisikilizeni kuhusu tarehe, maana hapo ndipo nilipopotea mwaka wangu wa kwanza.

Nilipewa barua ya kuwaita watu kwenye mkutano wa tawi la KADU, chama cha siasa kilichotaka Kenya ya majimbo, imeandikwa 3 Mfungo Sita 1380, yaani mwaka wa Kiislamu. Nikaandika daftarini: 3 Juni 1960. Lakini KADU iliundwa Ngong mwishoni mwa Juni 1960! Nikajenga hoja nzima kwamba Lamu walitangulia chama chenyewe, nikaifurahia sana. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Maulidi yalikuwa mwezi gani mwaka ule?" Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, wa sita tangu Idi ya Ramadhani. Mwaka ule uliangukia Agosti na Septemba. Hoja yangu ikafa palepale.

Siku nayo ina mtego wake. "Usiku wa Ijumaa" kwa wazee wetu ni Alhamisi jua likishatua.

Neno "serikali" msilipite haraka. Mwambao ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya mkataba wa 1895, Waingereza wakiuendesha, na hapa mjini kulikuwa na Liwali, mwakilishi wa Sultani. Kuanzia Juni 1963 ikaongezeka serikali ya jimbo. Oktoba mwaka huo Kenyatta na Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana mwambao uingie Kenya. Basi mtu akilalamika kwamba "serikali imetusahau", angalieni tarehe kwanza, ndipo mjue anamlaumu nani.

Mtashangaa pia barua nyingi zinahusu wilaya tu. Baada ya KAU, chama cha Waafrika cha Kenya nzima, kupigwa marufuku mwaka 1953, Waafrika waliruhusiwa kuanzia 1955 kuunda vyama vya wilaya peke yake, hadi 1960. Watu walijifunza siasa humo, na mazoea hayo yaliingia nao KADU. Mimi naamini hamu ya majimbo, yaani kila eneo kuwa na serikali yake, haieleweki bila miaka hiyo mitano.

Zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zisomeni kwa sauti. Mara nyingi *p* na *b* zinaandikwa sawa, na *m* ya "jimbo" huachwa. Na mwandishi akiandika "nti", nakilini "nti". Msimgeuzie Kiamu chake, lahaja ya hapa Lamu, kuwa "nchi".