Bwawa kuukuu: usikimbilie kumwaga maji

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: bwawa la kuogelea limetelekezwa miaka, maji yamekuwa kijani, tuyamwage yote tuanze upya? Tulia kwanza. Maji ya ardhini yakiwa juu, bwawa tupu husukumwa kutoka chini. Sakafu hupasuka, hata bwawa zima huweza kunyanyuka. Subiri kiangazi.

Kabla ya kumlipa fundi atafute uvujaji, zima pampu, weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na nje yalingane. Baada ya saa 24, bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Vikishuka sawa, ni jua tu.

Fedha nyingi hupotea kwenye dawa kwa sababu watu hawapimi pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Ikiwa 8, karibu robo tu ya klorini ndiyo yenye nguvu ya kuua, kwenye 7.2 ni karibu theluthi mbili. Dawa ileile, bwawa lilelile! Shusha pH kwa asidi kidogo kidogo, pampu ikizunguka, ndipo ufikirie klorini.

Kuua mwani, zidisha urefu, upana na kina cha wastani kwa mita upate ujazo; kila mita ya ujazo ni lita 1,000. Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 15 kwa kila lita 1,000, huongeza takriban miligramu 10 kwa lita. Bwawa la lita 50,000 litakula gramu 750. Weka jioni, maana jua huila klorini. Tangulia kutia maji kwenye ndoo, kisha unga, kamwe si kinyume. Sugua kuta, pampu ifanye kazi usiku kucha. Usiuchanganye unga huo na vidonge vya klorini hata kwenye kopo moja. Huweza kulipuka moto.

Mchanga wa chujio ulioganda mabonge, badilisha. Wa ujenzi haufai, vumbi lake hurudi bwawani. Andika kipimo cha geji ya shinikizo chujio likiwa safi. Kipimo hicho kikipanda kwa nusu ya bar, safisha chujio kwa kurudisha maji kinyume. Kulisafisha kila siku ni kupoteza maji bure.

Vidonge ni rahisi kutumia, lakini vingi huacha asidi ya sianuriki isiyopungua yenyewe. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha kuikinga klorini na jua. Zikizidi sana, klorini huzubaa, na hapo njia ya uhakika ni kutoa sehemu ya maji na kujaza mapya.