Kina Zamora walitokea wapi? Maswali yenu ya wiki hii

Bobby Zamora yule mshambuliaji wa zamani wa Fulham na West Ham si Mwingereza? Jina la Kihispania kalitoa wapi?

Kwa baba yake bana, mtu wa Trinidad. Trinidad ilikuwa chini ya Hispania mpaka 1797 Waingereza walipoichukua, majina yakabaki. Bobby mwenyewe kazaliwa London, kachezea England, na lile goli lake la dakika ya 90 Wembley 2014 lililoipandisha klabu ya QPR Ligi Kuu ya England sidhani kama mashabiki wa Derby County waliofungwa wamelisahau.

Kwani Zamora ni ukoo?

Ni mji, uko Hispania kando ya mto Duero, karibu na mpaka wa Ureno. Zamani mtu akihama pale akaenda kuishi kwingine anaitwa fulani de Zamora, yaani fulani wa kutoka Zamora, baadae ile "de" ikadondoka na watoto wakarithi jina hata kama mji wenyewe hawajawahi kuuona. Hapa ndo wengi mnachemka, mnadhani jina limeanzia kwa waliobaki, sasa ndani ya Zamora kumwita mtu Zamora kungesaidia nini na wote ni wa hapo hapo? Jina linamshika aliyeondoka. Ndo maana Ricardo Zamora, kipa ambaye tuzo ya makipa wa La Liga ina jina lake, kazaliwa Barcelona 1901, na Niceto Alcalá-Zamora, rais wa Hispania 1931 hadi 1936, ni mtu wa Andalusia huko kusini. Na wala wasidhaniwe ndugu, kila aliyehama alianzisha ukoo wake.

Na Zamorano, yule mshambuliaji wa Chile?

Mule mule, Zamorano ni mtu wa Zamora, kama mtu aitwe Mpemba. Huyu ndo yule aliyemwachia Ronaldo jezi namba 9 pale Inter akavaa 1+8, vituko!

Nipo Doha, Wafilipino ninaofanya nao kazi karibu wote wana majina ya Kihispania, ni machotara?

Wengi wala. 1849, Ufilipino ikiwa chini ya Hispania, gavana wake Narciso Clavería aliona hesabu za kodi zinamchanganya, akatoa amri familia zipewe majina kutoka kwenye orodha ndefu ya serikali, miji mingine ikapewa kurasa zake kabisa ndo maana unakuta watu wa sehemu moja majina yanaanza na herufi moja. Kwa hiyo jina peke yake lisikudanganye kuhusu damu.

Jaime Paz Zamora aliyekuwa rais wa Bolivia, tumwite Zamora?

Hapana, la mwisho ni la upande wa mama. Ukifupisha sema Paz.