Mafundi wa Woolwich na Arsenal yao: maswali yenu wiki hii

Assalaam alaykum wasomaji wangu. Wiki iliyopita niligusia kwa mistari miwili kwamba Arsenal, timu yenye mashabiki tele hapa Unguja na Pemba, ilizaliwa kiwandani. Maswali yaliyokuja ni mengi kuliko nilivyotarajia, na mengine ni ya watu ambao wenyewe wanakula kwa jasho la karakana. Nimefurahi sana. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

"Mimi ni fundi wa magari hapa Mwanakwerekwe. Umesema walioanzisha Arsenal ni mafundi. Mafundi wa nini? Na walianzaje?"

Fundi, hao ni wenzako kabisa. Walikuwa wakifanya kazi Royal Arsenal, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza kilichokuwa Woolwich, ukingo wa kusini wa mto Thames. Humo mizinga ilikerezwa, makombora yakajazwa baruti na magari ya kuivuta mizinga yakaundwa. Karakana mojawapo ikiitwa Dial Square, kwa sababu ya saa ya jua iliyowekwa juu ya lango lake.

Mwishoni mwa mwaka 1886 kijana mmoja wa Kiskochi aliyekuwa akifanya kazi humo, David Danskin, mwenye umri wa miaka 23, aliwakusanya wenzake wachangishane. Inavyosimuliwa, watu 15 walitoa nusu shilingi kila mmoja, ile waliyoiita sumni wazee wetu, na Danskin akaongeza shilingi tatu kutoka mfukoni mwake. Jumla shilingi kumi na nusu. Mpira ukanunuliwa. Hapakuwa na tajiri nyuma yao, wala meneja wa kiwanda aliyetoa amri kwamba timu iundwe. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko makombe yote yaliyofuata.

Tarehe 11 Desemba 1886 walivuka mto kwenda Isle of Dogs kucheza na Eastern Wanderers, wakiitwa Dial Square, wakashinda 6-0. Katibu wao, Elijah Watkins, alikieleza baadaye kiwanja chenyewe: umbo lake hata yeye hakuweza kulitaja, sehemu kubwa kilizungukwa na nyua za nyuma za nyumba za watu, na upande uliobaki ulikuwa na mtaro wa maji machafu. Waliokulia kuchezea mpira uchochoroni wanajua mpira ukitumbukia kwenye mtaro ule nini kinafuata. Siku ya Krismasi mwaka huo huo wakakutana kwenye baa ya Royal Oak, jirani na stesheni ya treni, wakajipa jina jipya: Royal Arsenal.

"Kwa nini nyekundu? Na mikono myeupe imetoka wapi? Msomaji wa Wete."

Nyekundu waliipata kwa hisani ya marafiki. Miongoni mwa mafundi walikuwamo waliopata kuchezea Nottingham Forest, akiwamo kipa Fred Beardsley. Jezi hawakuwa na uwezo wa kununua, basi Beardsley akaandika barua kwa timu yake ya zamani kuomba msaada. Forest, ambao huvaa nyekundu mpaka leo, wakawaletea jezi zao na mpira mmoja. Mikono myeupe ilikuja mwaka 1933, wakati wa kocha Herbert Chapman.

"Mimi si shabiki, lakini nina mume na watoto watatu wa kiume wanaonitesa kila Jumamosi. Kwa nini mechi hizi zipangwe saa 12 jioni, Magharibi imeshaingia? Mama wa Makunduchi."

Pole sana mama. Kwao huwa ni saa 9 alasiri. Msimu wa baridi tunawazidi saa tatu, ndipo inapotuangukia saa 12, na wakishasogeza saa zao majira ya joto mechi hutufikia saa 11. Lakini hiyo saa 9 yao ina asili, na asili yake ni viwanda hivi hivi.

Zamani mfanyakazi wa Kiingereza alifanya kazi siku sita kutwa. Jumapili ilikuwa ya kanisa, na kucheza siku hiyo ilikuwa aibu kubwa. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ikaamuru viwanda vya nguo vifunge saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Kazi nyingine zikafuata polepole, mara nyingi kwa shinikizo la vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo mtu alitoka kazini, akanawa uso, akala chochote, akawahi kiwanjani saa 9. Katikati ya baridi walianza mapema zaidi, maana mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 na taa za viwanjani hazikuwapo. Bila ya ile nusu siku ya Jumamosi sidhani kama mpira ungelikuwa mchezo wa watu wa kawaida.

Na jambo moja litakalokushangaza: mechi za Jumamosi saa 9 hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni za Uingereza yenyewe, ili watu wa huko wasiache kwenda viwanjani. Sisi wa mbali ndio tunaozitazama. Sasa, ukimwambia mumeo kwamba swala haina marudio na mechi inayo, nadhani hatakuwa na jawabu.

"Nafundisha historia skuli moja ya Chake Chake. Wanafunzi wangu wanauliza: wafanyakazi wale walianza lini kulipwa kwa kucheza, na je, klabu ilibaki mikononi mwao?"

Mwalimu, hapa ndipo penye utamu wa khabari yote, na uchungu wake.

Malipo kwa wachezaji yaliruhusiwa Uingereza mwaka 1885, lakini timu za kaskazini ndizo zilizoyakumbatia. Wakubwa wa mpira wa London waliona ni jambo la fedheha. Royal Arsenal ilikuwa ikiwachukua wachezaji wazuri, wengi Waskochi, na kuwatafutia kazi kiwandani, hivyo wakila mshahara wa fundi na kucheza kwa mapenzi. Januari 1891 wakapangwa na Derby County katika Kombe la FA. Walifungwa, na kabla vumbi halijatulia Derby wakaja kuwashawishi wachezaji wawili kwa fedha. Viongozi wa Woolwich wakaona wazi: tusipolipa, kila kijana tunayemlea atachukuliwa. Mwaka huo wakaamua kulipa. Chama cha mpira cha London kikawafungia milango ya mashindano yake, wakabaki na Kombe la FA na mechi za kirafiki kwa miaka miwili.

Katika mkutano mkuu wa 1891 likaletwa pia pendekezo la kuigeuza klabu kuwa kampuni. Likakataliwa. Jack Humble, fundi mwenzao aliyetokea Durham, kaskazini, alisimama akasema klabu imeendeshwa na watu wa kazi na shauku yake ni kuiona ikiendelea kuendeshwa nao. Wanafunzi wako wajue kwamba huyu hakuwa mwanasiasa wala mwenye mali. Alikuwa mtu wa karakana.

Miaka miwili baadaye hali ikawalazimisha. Mwenye kiwanja walichokuwa wamepanga, Invicta, akapandisha kodi mno. Wakaamua kununua kiwanja chao, Manor Ground, na bila ya kampuni fedha zisingepatikana. Mwaka 1893 wakauza hisa za pauni moja moja, na wengi wa walionunua walikuwa wafanyakazi wa pale pale mtaani. Uwanja ulipokuwa hauna majukwaa ya kutosha, waliazima magari ya jeshi ya kukokotwa wakayapanga pembeni ili watazamaji wapande juu yake. Mwaka huo huo, kwa jina la Woolwich Arsenal, wakaingia Ligi ya Uingereza daraja la pili, timu ya kwanza kutoka kusini kukubaliwa. Mwaka 1904 wakapanda daraja la kwanza.

Kwa hiyo jawabu la wanafunzi wako ni hili: kwa miaka mingi ilibaki mikononi mwao, hata baada ya kuwa kampuni. Kilichoiondoa ni ufukara.

"Kama ilikuwa timu ya Woolwich, mbona iko kaskazini ya London? Nani aliihamisha? Msomaji wa Malindi."

Timu iliyozaliwa na kiwanda iliumwa kila kiwanda kilipoumwa. Vita vya Makaburu Afrika Kusini vilipoanza mwaka 1899, kiwanda kilitaka mizinga na makombora usiku na mchana, mafundi wakapewa ovataimu mpaka Jumamosi alasiri, na uwanja ukawa mtupu. Vita vilipokwisha wengi wakapunguzwa kazini, basi wenye nafasi ya kwenda kutazama mechi hawakuwa na kiingilio. Mwaka 1910 kitengo cha kutengeneza torpido, makombora ya kupiga meli chini ya maji, kikahamishiwa Greenock, Uskochi, pamoja na watu wake. Mwaka huo huo klabu ikafilisika.

Aliyeinunua ni Henry Norris, tajiri wa biashara ya nyumba. Mwaka 1913 timu ikashuka daraja, naye akaihamishia Highbury, ng'ambo ya pili ya jiji, kwenye viwanja vya michezo vya chuo cha mapadri, kwa sababu palikuwa na stesheni ya treni ya chini ya ardhi mlangoni. Watu wa Woolwich walilalamika sana. Hawakusikilizwa. Mechi ya kwanza Highbury ilichezwa tarehe 6 Septemba 1913 dhidi ya Leicester Fosse, wakashinda 2-1, na jengo halijakamilika hata kidogo: mshambuliaji George Jobey alipoumia, alibebwa kwa mkokoteni wa muuza maziwa. Mwaka uliofuata neno Woolwich likaondolewa kwenye jina.

Natambua kwamba bila ya kuhama huenda leo isingekuwapo Arsenal ya kuizungumza. Hata hivyo mimi niko upande wa wale watu wa Woolwich. Walitoa sumni zao, wakanunua hisa, wakasimama juu ya magari ya jeshi kwenye baridi, kisha timu yao ikaondolewa kama mzigo wa bandarini.

"Ni kweli Arsenal ilipandishwa daraja la kwanza bila ya kustahiki? Shabiki wa Spurs, Mkoani."

Ilipandishwa kwa kura. Mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu, daraja la kwanza liliongezwa timu. Arsenal haikuwa miongoni mwa wawili wa juu katika daraja la pili, lakini wajumbe wakaipa kura 18, na Tottenham, yaani Spurs wenu, waliokuwa mkiani mwa daraja la kwanza, wakapata 8. Norris amesemwa sana kwa hilo, ila hakuna aliyeleta ushahidi wa rushwa. Tangu hapo Arsenal haijashuka. Hasira zenu nazielewa.

"Timu nyingine za viwandani ni zipi?"

Ni nyingi. Manchester United ilianza mwaka 1878 kwa jina la Newton Heath, timu ya wafanyakazi wa mabehewa ya reli. West Ham ilitokana na Thames Ironworks, kiwanda cha kuunda meli, mwaka 1895, na ndiyo maana nyundo iko kwenye nembo yake. Millwall ni watu wa kiwanda cha vyakula vya makopo. Coventry City ni mafundi wa baiskeli. PSV ya Uholanzi ni watu wa Philips. Na Bayer Leverkusen ilitokana na barua iliyotiwa saini na wafanyakazi 170 mwaka 1903, wakiiomba kampuni yao ya dawa iwasaidie kuunda chama cha michezo.

"Je, timu zetu za vikosi vya serikali, KMKM, JKU, Mafunzo na Zimamoto, si sawa na hiyo Arsenal ya zamani? Kijana wa Jang'ombe."

Kwa upande mmoja ndiyo. Mchezaji wa kikosi ana ajira, ana mshahara hata akiumia goti, kama wale Waskochi waliotafutiwa kazi kiwandani. Hilo limewasaidia vijana wetu wengi na sitalidharau.

Tofauti ni pale mwanzoni. Vikosi vina timu kwa sababu taasisi iliamua ziwepo, na bajeti inatoka juu. Dial Square ilianza kwa waliochangishana baada ya zamu. Kwetu wanaofanana nao zaidi ni timu za mitaa, zile zinazonunua jezi kwa michango ya mashabiki, halafu zinaingia uwanja wa Amaan au Gombani kupambana na kikosi chenye basi lake. Nikiziona zikishinda siwezi kuficha furaha yangu. Na tafadhali, wazee walioanzisha timu hizo bado wako, wanakaa barazani kila alasiri. Mwalimu wa Chake, wape wanafunzi wako daftari wakawaulize nani alitoa shilingi ngapi na kiwanja cha kwanza kilikuwa wapi. Khabari za Danskin tunazijua kwa sababu Watkins alikaa akaandika.

"Nakwenda London kumtembelea mwanangu. Kuna chochote cha kuona? Msomaji wa Mbweni."

Kipo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1967 na majengo mengi sasa ni nyumba za kuishi, lakini lango la Dial Square limesimama na saa yake ya jua iko juu. Panda treni ya Elizabeth mpaka stesheni ya Woolwich, utokapo tu umeshafika, ni hatua chache. Highbury nako ukuta wa jukwaa la mashariki umehifadhiwa, ndani ni nyumba za watu tangu timu ilipohamia Emirates mwaka 2006. Anza na Woolwich. Hapana kiingilio, na vaa koti, upepo wa mto ule ni mkali.